Reach RS2+ mikononi mwa mpima wa Dodoma: fiksi utapata, swali ni bezi umeisimamisha kwa kodineti zipi

Kwa kupima viwanja na mashamba ya Dodoma, seti ya risiva mbili za setilaiti za Reach RS2+ inatosha: moja inasimama juu ya alama inayojulikana (bezi), nyingine inatembea na mpima (rova). Tumeanza na hukumu ili mwenye haraka achukue jibu lake aendelee na shughuli. Anayetaka kujua itamkwamisha wapi asome mpaka chini, maana itamkwamisha, na mara nyingi lawama atazitupia risiva isiyo na kosa.

Ni risiva ya masafa mawili kutoka Emlid, uzito gramu 950, inayoendeshwa kwa simu ya mkononi kupitia programu ya Emlid Flow. Inasoma GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou. Kwenye RTK, yaani kupima papo hapo kwa masahihisho yanayotoka bezi, mtengenezaji anataja milimita 7 kwa mlalo, ukijumlisha milimita 1 kwa kila kilomita kutoka kwenye bezi. Kwa wima ni milimita 14, nyongeza ni ile ile. Ukiiacha imetulia juu ya alama na kuchakata data baadaye, mlalo unashuka hadi milimita 4 na nusu milimita kwa kila kilomita. Betri yake ya ndani hukaa saa 16 ikiwa rova inayopokea masahihisho kwa laini ya simu, na saa 22 ikiwa inarekodi tu. Kwa lugha ya saiti: unaichomoa kwenye chaji alfajiri, unaingia nayo Nala au Zuzu, unarudi magharibi na bado ina moto. Inachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo hata pawabenki ya simu itaiokoa. Kiwango chake cha kinga ni IP67, na vumbi jekundu la Agosti haliingii ndani. Litakalokusumbua ni vumbi kwenye nyuzi za skrubu ya chini, ile ya inchi 5/8. Ikikaa mchanga, risiva haikai sawa juu ya fimbo. Beba mswaki wa zamani.

Sasa vilivyopunguzwa ili bei ishuke. Cha kwanza, haiwezi kurekebisha mwinamo wa fimbo. Fimbo ya mita 2 ikiinama digrii moja tu, sehemu unayodhani umeipima imehama milimita 35, na hapo zile milimita 7 za kwenye kijitabu zimeshakuwa hadithi. Kwa hiyo kiputo cha fimbo ndicho nusu ya usahihi wako. Kikague kila Jumatatu: simamisha fimbo kwenye miguu miwili, weka kiputo katikati, izungushe nusu duara. Kiputo kikitoka katikati, rekebisha nusu ya kosa kwa skrubu zake na nusu kwa miguu, kisha rudia. Kona ya ukuta nayo huwezi kuipima kwa kuilaza fimbo. Toleo la RS3 ndilo linaloweza hilo, na kwa mtu ambaye kazi yake kubwa ni mitaa iliyojengwa tayari, kama Chang'ombe au Kikuyu, tofauti ya bei inalipa. Kwa anayepima mashamba mapya Iyumbu au Mbalawala, hailipi.

Cha pili ni redio ya kupeleka masahihisho kutoka bezi hadi rova. LoRa, redio ya ndani, ina nguvu ya wati 0.1, na kilomita 8 zinazotajwa ni za uwanda mtupu, antena zikionana. Dodoma ina uwanda, ndiyo, lakini pia ina vilima vya mawe vinavyochomoza katikati ya makazi, na redio hii haipiti jiwe. Ukiweka bezi upande mmoja wa Mlimwa na rova upande wa pili, masahihisho yatakatika hata kama umbali ni kilomita 2. Dawa ni kupandisha bezi mahali panapotazama kazi yote, na kuteremsha kasi ya redio: 9.11 kb/s hufika mbali kuliko 18.23, mradi bezi na rova zikae kwenye kasi moja na masafa mamoja. Antena ya redio ifungwe kabla ya kuwasha utumaji. Redio ikirusha bila antena inajiunguza taratibu, na hakuna ujumbe wowote utakaokuonya. Anayefikiria kununua redio ya nje ya UHF yenye nguvu zaidi akumbuke kwamba masafa hayo yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na yanahitaji kibali.

Cha tatu hakionekani dukani: kwenye BeiDou, mfumo wa setilaiti wa China, risiva inasoma mawimbi ya B1I na B2I. Setilaiti za kizazi cha tatu cha BeiDou, ambazo ndizo nyingi sasa, hazirushi B2I kabisa. Kwa hiyo skrini inaweza kukuonyesha setilaiti 28 au 30 na ukajiona tajiri, kumbe sehemu yake zinachangia masafa mamoja tu. Mahali pa wazi hili halina madhara yoyote. Chini ya mbuyu wenye majani, ndipo utakapoona rova inang'ang'ania floti (jibu la kukadiria) wakati risiva ya bei kubwa kando yake imeshapata fiksi (jibu la milimita).

Masahihisho unaweza kuyapata kwa njia tatu. Bezi yako mwenyewe kwa LoRa. Bezi yako mwenyewe kwa intaneti kupitia kasta ya Emlid, seva ya kusambaza masahihisho, ambayo ni ya bure. Au kituo cha kudumu cha mtu mwingine unachojiunga nacho kwa NTRIP, yaani kwa intaneti. Njia ya tatu inavutia kwa sababu unabeba risiva moja tu. Lakini piga hesabu. Kituo kikiwa kilomita 40 kutoka ulipo, ile milimita 1 kwa kilomita imeshakuwa sentimita 4, juu ya zile za mwanzo, na hapo hatujagusa hali ya anga. Kwa mashamba makubwa ya zabibu ni sawa. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30 chenye majirani wanne wenye hati, si sawa. Ushauri wetu ni risiva mbili, LoRa kama njia kuu, intaneti kama akiba. Bando si tatizo, kwani masahihisho ya sekunde moja moja hula MB chache tu kwa saa. Tatizo ni mnara wa simu. Weka laini ya mtandao mmoja kwenye risiva na ya mtandao mwingine kwenye simu, maana bondeni moja hukata ambapo nyingine inashika.

Tuje kwenye bezi, na hapa tutakaa kidogo.

Ukiwasha bezi, programu inakuuliza kodineti zake, yaani namba za mahali ilipo. Inakupa pia njia ya mkato: ijitafutie yenyewe kwa kuchukua wastani wa dakika mbili. Njia hiyo ipo kwa ajili ya kazi ambayo haihitaji kuunganishwa na kitu kingine chochote. Mpima wa viwanja akiibonyeza amejichimbia shimo. Bila masahihisho, risiva inajua ilipo kwa makosa ya mita moja hadi tatu, na kosa hilo linahamia kwenye kila nukta ya rova bila kupungua. Ubaya wake ni kwamba ndani ya kazi kila kitu kinapendeza. Fiksi ipo, milimita 10 zinasomeka kwenye skrini, pande za kiwanja zinatoka sawasawa na mchoro, eneo linalingana. Kiwanja kizima kimehama tu mita mbili kuelekea barabarani. Fiksi inakwambia umbali kati ya bezi na rova umejulikana vizuri. Kuhusu mahali bezi yenyewe ilipo, haina neno.

Kwa hiyo bezi isimame juu ya alama ya udhibiti yenye kodineti rasmi, ulizozipata ofisini kwa maandishi. Zilizonakiliwa kwenye gamba la daftari la mwenzako siyo maandishi. Tripodi ya mbao ni bora kuliko ya alumini, kwa sababu jua la saa sita hukunja alumini. Kanyaga miguu iingie ardhini, na kwenye upepo wa Julai na Agosti kila mguu uwekewe mfuko wa mchanga. Weka senta kwa traibraki (kitako cha kusawazisha risiva juu ya tripodi) yenye darubini iliyokaguliwa. Pima urefu kutoka kwenye alama mpaka chini ya risiva, mara mbili, kwa mita na kwa futi ili kosa la kusoma lijitokeze. Kutoka chini ya risiva mpaka kitovu cha antena ni milimita 134, na hizo Emlid Flow inaziongeza yenyewe. Ukiziongeza na wewe, kila mwinuko wa siku hiyo utakuwa na kosa la sentimita 13.4. Ukipeleka faili la RINEX (data ghafi za setilaiti) kwenye programu nyingine, angalia urefu ulioandikwa kwenye kichwa cha faili umeishia chini ya risiva au kwenye kitovu. Mtoto wa shule umlipe kidogo alinde bezi. Wezi si wasiwasi mkubwa sana; mbuzi wa Kigogo hawajui tofauti ya mguu wa tripodi na mgunga wa kujikunia.

Kabla ya kupima bikoni (alama ya kona ya kiwanja) hata moja, nenda na rova kwenye alama ya pili inayojulikana. Ikitofautiana na kodineti rasmi kwa zaidi ya sentimita 3, simama. Usigawanye tofauti kwa mbili. Rudi bezi, soma tena namba ulizoingiza tarakimu kwa tarakimu. Kubadilisha nafasi ya tarakimu mbili za kodineti ya kaskazini ndilo kosa la kawaida kuliko yote.

Ikikosekana alama ya kuaminika, rekodi bezi saa 4 au zaidi na utume faili kwenye CSRS-PPP ya Kanada, huduma ya bure ya kukokotoa kodineti ambayo hurudisha majibu kwa barua pepe. Majibu hayo ni mazuri, lakini yako kwenye ITRF, fremu ya kodineti ya dunia nzima, ya siku uliyopima. Ardhi yetu inasogea kuelekea kaskazini-mashariki kwa takriban sentimita 2.5 hadi 3 kila mwaka. Fremu ya kodineti ya taifa ni TAREF11, yaani imefungwa kwenye mwaka 2011. Mpaka 2025 tofauti imeshapita sentimita 30. Anayebandika majibu ya PPP moja kwa moja kwenye kazi ya TAREF11 anahamisha mtaa mzima kwa upana wa matofali mawili, halafu anashangaa kwa nini barabara haikutani na ya jirani.

Halafu kuna Arc 1960, datamu (msingi wa kodineti) ya zamani. Ramani nyingi za zamani za Dodoma, pamoja na za enzi za CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyovunjwa mwaka 2017, ziko kwenye datamu hiyo. Kodineti za Arc 1960 na za WGS84, datamu ya GPS, hutofautiana kwa takriban mita 300, kiasi kwamba anayechanganya atagundua mapema. Atajikuta kiwanja kimeangukia mtaa wa pili. Hatari iko kwa anayejua kubadilisha lakini anatumia vigezo vya jumla, zile mita −160, −6 na −302 zilizomo kwenye programu nyingi. Vigezo hivyo vilitolewa kwa Kenya na Tanzania nzima, na waliovitoa waliandika wenyewe kwamba kila kimoja kina shaka ya mita 20. Vinafaa kumpeleka mtu karibu na bikoni akaanze kuchimba. Kufufua mipaka kwa vigezo hivyo ni kuanzisha kesi. Njia sahihi ni kutafuta bikoni za zamani nne au zaidi zinazozunguka kazi, kuzipima kwa rova, na kutumia kipengele cha ulinganishaji wa eneo ndani ya Emlid Flow. Angalia masalio, tofauti inayobaki kwa kila bikoni: moja ikitoka sentimita 15 na tatu zikikaa ndani ya sentimita 2, hiyo moja imeng'olewa ikarudishwa kwa macho, hasa kama iko kwenye udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Iondoe, usiitafutie huruma. Kipengele hiki Emlid wamekiweka vizuri, na tunakihesabu kuwa sababu kubwa ya kununua.

Kwa Dodoma kuna mtego mwingine ambao wanaotoka Dar es Salaam hawaujui. Mji uko karibu longitudo 35°45′, kanda ya 36 ya UTM (gridi ya ramani iliyoigawa dunia kwa kanda), lakini ukingo wa kanda uko nyuzi 36, kama kilomita 28 tu mashariki ya katikati ya mji. Ukielekea Chamwino unaukaribia, na ukifika Kongwa au Mpwapwa umeshaingia kanda ya 37. Programu haitakupigia kelele. Ukisahau kubadilisha mfumo kutoka msimbo wa EPSG 21036 (kanda ya 36) kwenda 21037 (kanda ya 37), utapata kodineti zinazoonekana za maana kabisa, kumbe si sahihi.

Na kwa kuwa tuko ukingoni, gridi imevutwa. Kutoka mstari wa kati wa kanda, nyuzi 33, mpaka Dodoma mjini ni kilomita 304 hivi, na kipimo cha gridi hapo kimefika 1.00074. Mwinuko wa mita 1,120 unakipunguza, na jumla inabaki kama 1.00057. Maana yake, mita 100 za kwenye mkanda zinakuwa mita 100.057 kwenye kodineti. Upande wa kiwanja wa mita 30 unatofautiana milimita 17, hakuna atakayeona. Lakini bloku ya mita 600 inatofautiana sentimita 34, na hapo ndipo mwenye totalistesheni (kifaa cha kupima pembe na umbali) na mwenye RTK huanza kugombana, kila mmoja akiapa kifaa cha mwenzake kibovu. Vyote vizima. Ingiza kigezo hicho kwenye totalistesheni, umbali utalingana. Usijaribu kuirekebisha RTK ifanane na mkanda.

Saa za kazi nazo zina maana. Dodoma iko karibu na mkanda wa kusini ambako ionosfia ya ikweta, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, hujirundika, na mrundikano huo hufika kilele kati ya saa 8 na saa 10 mchana. Jua limekuwa na shughuli nyingi tangu kilele chake cha mwaka 2024. Muda huo rova iliyo kilomita 3 kutoka bezi haitajali. Iliyo kilomita 15 itachukua dakika badala ya sekunde kupata fiksi, na mara nyingine itapata fiksi ya uongo. Kazi za mbali zimalizike kabla ya saa 5 asubuhi. Rekodi za bezi kwa ajili ya PPP nazo zisiangukie saa za baada ya machweo, hasa Machi na Septemba, ambapo mawimbi humeta na kukatika ovyo.

Fiksi ya uongo husababishwa pia na bati. Paa jipya la bati hurudisha mawimbi kama kioo, na risiva hudhani ni ya moja kwa moja. Bikoni iliyo mita 1 kutoka kwenye nyumba ya bati ipimwe mara mbili, kati yake ipite saa moja au zaidi, na kati ya vipimo izime rova au igeuze chini ili ipoteze fiksi na kuanza upya. Vipimo vikipishana zaidi ya sentimita 3, weka nukta mbili mahali pa wazi kwa rova, kisha piga bikoni hiyo kwa totalistesheni. Hakuna mpangilio wa kwenye simu utakaokuondolea kazi hii. Weka kizuizi cha setilaiti za chini kwenye digrii 15 na uache mengine kama yalivyo.

Kwa urefu, Reach inakupa mwinuko wa elipsoidi (umbo la kihesabu la dunia), ambao Dodoma unapishana na wa usawa wa bahari kwa zaidi ya mita kumi. Kwa viwanja haidhuru. Kwa mtaro, barabara au bomba la maji, anza na bechimaki (alama yenye mwinuko rasmi) na umalize na bechimaki, na kama mteremko ni chini ya asilimia nusu, tumia leveli.

Programu ni rahisi kiasi kwamba kijana aliyetoka Chuo cha Ardhi Morogoro au Tabora ataishika kwa siku moja. Kwa kupima nukta na kutafuta nukta, toleo la bure linatosha. Kazi nyingine ziko kwenye toleo la kulipia, na ni vizuri kujua kabla ya kumwahidi mteja. Data hutoka kama CSV au DXF na kuingia AutoCAD bila mizunguko. Tunachoidai ni sehemu ya kuandika jina la nukta: inajiongezea namba yenyewe, na ukichoka jua linapowaka utakuwa na P47 ambayo hukumbuki ni bikoni au ni kona ya choo. Tumia msimbo, si namba tupu.

Ukinunua risiva moja moja, fimbo, tripodi na traibraki havimo kwenye begi. Bajeti yake iwekwe pembeni tangu mwanzo, na isiwe ya vitu vya bei chee. Kuna watu huweka risiva ya mamilioni juu ya traibraki iliyolegea, na traibraki ndiyo inayoshinda. Bei ya kiwandani si bei ya Dodoma. Omba muuzaji akuandikie bei iliyokwisha kutolewa forodhani, masafa ya LoRa aliyoyaagiza, na nani atapokea kifaa kikiharibika ndani ya dhamana: yeye, au utakipeleka nje mwenyewe kwa gharama yako. Akijibu hili la mwisho kwa mdomo tu, nunua kwa mwingine.

Aliye na Leica au Trimble ya miaka ya karibuni hana sababu ya kuiuza ili anunue hii. Aiongezee Reach moja kama rova ya pili. Atumie masahihisho ya muundo wa RTCM3 na ajaribu kwanza juu ya alama inayojulikana. Anayeanza, mwenye fedha ya risiva moja tu, asubiri afikishe mbili.